Katuni za Utotoni Zisizotutoka

Muulize mtu mzima yeyote wa Nairobi, awe karani wa Upper Hill au makanga wa matatu za Kayole, ni filamu gani aliitazama miezi mitatu iliyopita. Atafikiri kidogo, akutajie mwigizaji mmoja, na kisa chenyewe kitakuwa kimeshamponyoka. Kisha muulize kuhusu katuni aliyoipenda akiwa darasa la tatu. Hapo utasikia nani alikufa, nani alirudi, nani alichekesha, wimbo ulikwendaje, na ilikuwa sebuleni kwa nani. Wengine wataimba kabisa, hata kama maneno ya wimbo wenyewe hawakuyaelewa wakati ule.

Jibu la haraka ni kwamba mtoto hasahau. Ukweli ni kwamba mtoto husahau mno. Watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya miaka mitatu au zaidi kidogo, na hata miaka inayofuata wamebaki nayo vipande vipande. Tena katuni hazikuwa haba. Waliokua miaka ya tisini na ya elfu mbili walizitazama jioni baada ya shule, wakazitazama Jumamosi kwenye KBC na KTN, wakazikodi kwa kanda za video, wakaja kuzinunua kwa DVD za shilingi 50 mjini. Nyingi zimefutika. Zilizobaki zinahesabika, na watu waliokulia Buruburu, Eastleigh na Lang'ata, ambao hawajawahi kukutana, watakutajia karibu zilezile.

Zilizobaki zina nini, basi? Nazipenda filamu hizi kwa dhati, na siamini kwamba siri yake ni uzuri wa picha. Katuni zinazobaki ni zile zilizotukutanisha na huzuni kubwa tungali wadogo, zikatupa wimbo wa kuibebea, zikarudiwa mpaka tukazikariri, na zikafanya hayo yote tukiwa tumeketi na mtu. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na hapa Nairobi ndilo linalobadilika kwa kasi kuliko mengine yote.

Tuanze na picha, maana kwanza inashangaza kwamba binadamu anaweza kulilia mistari na rangi. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi isiyo na sauti wala sura ya kiumbe chochote. Ndani yake mlikuwa na pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara dogo, vikizunguka karibu na mstatili uliokuwa na sehemu ya kufunguka na kufungwa. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, karibu wote walisimulia kisa: kuna mnyanyasaji, kuna wawili wanaopendana, kuna aliyejificha ndani ya nyumba, kuna aliyetoroka. Hakuna aliyewaambia kwamba pembetatu ile ina hasira. Mwendo peke yake uliwatosha. Akili ya binadamu ikiona kitu kinasogea kana kwamba kina nia, hukipa roho papo hapo.

Mchoraji wa katuni anafanyia kazi udhaifu huo mzuri. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, na katika katuni za kuchorwa kwa mkono mara nyingi mchoro mmoja hushika nafasi ya picha mbili. Filamu ya dakika 90 ni picha 129,600. Katika filamu ya kawaida upepo unaweza kupeperusha nywele za mwigizaji bila mtu kupanga, au mbwa akapita nyuma ya kamera. Kwenye katuni hakuna upepo ambao mtu hakuuchora. Kila kope inayoshuka imeamuliwa na mtu, ikajadiliwa, ikafutwa, ikachorwa upya. Kwa hiyo kinachotufikia ni mwendo uliosafishwa, uliobakishiwa kile tu kinachobeba hisia.

Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wawili wa miaka mingi wa Disney, waliziandika kanuni 12 za kazi hiyo katika kitabu chao cha 1981. Baadhi zinahusu namna mwili unavyobonyea na kunyooka, nyingine zinahusu kutia chumvi. Thomas ndiye aliyechora mbilikimo wakimlilia Snow White katika filamu ya 1937, na somo kubwa la mandhari ile ni jinsi alivyowaacha watulie. Hawarukiruki wala hawajirushi chini. Wanasimama, machozi yanashuka. Wakati huo katuni zilijulikana kwa vichekesho vya dakika saba, na wengi hawakuamini kwamba mtu atakaa ukumbini zaidi ya saa nzima akifuatilia michoro. Watu walikaa, na walilia.

Sasa tuangalie kwa karibu mandhari moja ambayo karibu kila mtu wa rika langu anayo. The Lion King ilitoka mwaka 1994. Kwa Nairobi ilikuwa na ukaribu wa pekee: wachoraji wake walikuja Kenya kujionea mandhari kabla ya kuichora, wakapita hata Hell's Gate kule Naivasha, na majina ya wahusika wengi yalikuwa ya lugha tunayoizungumza. Mkurupuko wa nyumbu bondeni unachukua kama dakika mbili na nusu, na ulitengenezwa kwa zaidi ya miaka miwili, kwa sababu kompyuta ilibidi ifundishwe kuzidisha nyumbu mmoja hadi wakawa mamia bila wote kukimbia kwa mguu mmoja. Ni kazi kubwa sana ya kiufundi. Lakini nyumbu wale sio waliotukaa moyoni. Kilichotukaa ni dakika inayofuata, vumbi linapotua.

Mwanasimba Simba anamkaribia baba yake aliyelala, naye amekwisha kufa. Anamwita. Anamsukuma kwa kichwa. Anamvuta sikio kwa meno. Anamwambia waende nyumbani. Halafu anakimbia akipiga kelele aje mtu yeyote amsaidie, na sauti yake inamrudia tupu kutoka kwenye kuta za bonde. Anarudi, anajipenyeza chini ya mkono mzito wa baba yake, analala hapo. Ukiitazama kwa makini utagundua kwamba karibu kila kitendo kati ya hivyo ni kile mtoto anachofanya Jumapili asubuhi kumwamsha babake. Aliyeichora hakumwonyesha mtoto kifo kwa damu. Alichukua vitendo ambavyo mtoto anavijua mwilini mwake, akavionyesha vikishindwa kufanya kazi. Mtoto wa miaka sita haelewi maelezo ya kifo, lakini anaelewa kumvuta mtu sikio asiamke.

Niliwahi kuitazama sehemu hiyo Umoja, nyumbani kwa dada yangu, mpwa wangu wa kike akiwa ameegemea goti la nyanyake. Aliuliza bila kugeuka, "Shosho, babake atarudi?" Mama yangu hakumdanganya wala hakubadilisha stesheni. Alisema, "Hatarudi, mama. Lakini mtoto atakua, tutamwona." Kisha akamvuta karibu zaidi na filamu ikaendelea. Nadhani mpwa wangu akizeeka na kuikumbuka filamu ile, atakuwa anakumbuka pia goti lile na jibu lile, na hatajua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Kifo katika katuni za watoto ni kingi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Ian Colman, James Kirkbride na wenzao waliolinganisha katuni 45 maarufu za watoto na filamu za watu wazima zilizotoka wakati mmoja nazo. Theluthi mbili ya katuni hizo zilikuwa na kifo cha mhusika muhimu kwenye skrini, ilhali kwa filamu za watu wazima ilikuwa nusu. Hatari ya mhusika mkuu kufa ilikuwa mara 2.5 zaidi kwenye katuni. Bambi anampoteza mama mwaka 1942, risasi ikisikika bila mwindaji kuonekana. Nemo anampoteza mama na ndugu zake wote kabla hajaanguliwa, katika dakika za mwanzo za filamu ya 2003. Wazazi wengi hushtuka wakisikia takwimu hizo na kuuliza kwa nini watengenezaji wanawatesa watoto.

Sababu moja ni ya kisimulizi tu. Mzazi akiwepo, mwenye busara na nguvu, mtoto hana safari. Ili mtoto awe shujaa, lazima mkubwa aondoke njiani. Wasimulizi wetu walilijua hilo kabla ya kamera kubuniwa. Fikiria ngano ulizosikia: yatima anayeteswa na mama wa kambo, msichana aliyekwenda kuchota maji akachukuliwa na zimwi, kijiji kizima kinachomezwa halafu mtoto mmoja aliyebaki analipasua tumbo la zimwi watu watoke. Hakuna mlezi aliyesema ngano hizo ni nzito mno kwa watoto. Zilisimuliwa usiku, mtoto akiwa amebanwa katikati ya wenzake, na ukimaliza kuogopa unasikia pumzi ya mtu kando yako. Hofu ilikuwa na mlinzi.

Sababu ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi. Mtoto wa mjini atakutana na msiba. Atapelekwa mazishini ushago, ataona watu wazima wakilia, ataambiwa mtu fulani "amelala" au "amesafiri," na atachanganyikiwa. Katuni nzuri inampa nafasi ya kuhisi jambo hilo kwa saa moja na nusu, likiwa na mwanzo na mwisho, na mtu wa kumuuliza swali. Tena si lazima mtu afe. My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, iliyotoka Japani mwaka 1988, ina mama aliyelazwa hospitalini na mabinti wawili wanaomsubiri, na basi. Miyazaki mwenyewe alikua huku mama yake akiugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka. Filamu haimfichi mtoto kwamba mama anaweza asirudi, na kwa sababu inaisema hofu hiyo waziwazi, mtoto anatoka akiwa mwepesi.

Halafu kuna kurudia. Mtu mzima huona aibu kutazama filamu ileile mara tano, ilhali mtoto hudai hivyo hasa. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, hata bila kukifikiria sana, kunatosha kumfanya mtu akipende. Kwa watoto kuna zaidi ya kupenda. Mwishoni mwa miaka ya tisini watafiti Marekani waliwaonyesha watoto wa chekechea kipindi kilekile cha televisheni siku tano mfululizo. Watoto hawakuchoka. Walielewa zaidi kila siku, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo walivyozidi kukijibu kipindi kwa sauti, wakitangulia kusema majibu. Mtoto akijua kitakachotokea, hofu inapungua na nafasi ya kushiriki inaongezeka. Mara ya kwanza anaogopa fisi, mara ya nne anamwonya Simba asiende kule.

Nairobi ya miaka ile ilirudia kwa sababu ya uchache. Nyumba nyingi zilikuwa na kanda mbili tatu, na deki moja iliyotumiwa na nyumba kadhaa za ploti. Likizo ya Agosti ilikuwa kanda ileile, watoto walewale, mpaka utepe ukaanza kukwaruza. Lugha ilikuwa Kiingereza cha Kimarekani ambacho wengi wetu hatukukifuata vizuri, kwa hiyo tulijaza wenyewe. Mkubwa mmoja mwenye masikio mepesi alifasiri, na kama hakuelewa alitunga. Sisikitiki kwamba mambo yalikuwa hivyo. Mtoto aliyelazimika kutafsiri uso wa mhusika kwa kukosa maneno yake aliusoma ule uso kwa makini kuliko yule aliyepewa kila kitu.

Kinachorudiwa kwa urahisi kuliko vyote ni wimbo, na hapa filamu hizi na ngano zetu zinatumia ufundi mmoja. Ngano ikifika kwenye kilele, fanani huimba na hadhira huitikia, na mara nyingi wimbo huo unabeba kiini cha kisa: jina la aliyepotea, kilio cha anayetafuta, siri ya muuaji. Miaka inapita, kisa kinasahaulika, wimbo unabaki, na ukiuimba kisa kinarudi chenyewe. Watunzi wa katuni wanajua hivyo. Ule mwito wa Kizulu unaofungua The Lion King, uliotungwa na kuimbwa na Lebo M wa Afrika Kusini, haukuhitaji kueleweka na mtoto wa Dandora ili asimame wima sebuleni.

Mfano bora kabisa wa wimbo kufanya kazi ya kumbukumbu ni Coco ya mwaka 2017, filamu ya Lee Unkrich kuhusu familia ya Meksiko na sikukuu yao ya kuwakumbuka wafu. Wimbo mmoja, Remember Me, unaimbwa mara kadhaa, na kila mara una maana nyingine. Kwanza unauona jukwaani, taa nyingi, mwanamuziki maarufu anautumia kujitukuza. Baadaye unagundua kwamba ulitungwa na baba kama bembelezo la binti yake mdogo kabla hajaondoka safari. Mwisho, mvulana Miguel anapiga magoti mbele ya mama yake bibi, mkongwe aliyekwisha kusahau karibu kila kitu, anampigia gitaa polepole, na kidole cha yule mkongwe kinaanza kusogea. Midomo inafuata. Anaimba. Yeyote aliyewahi kukaa na mzee aliyepoteza kumbukumbu lakini bado akaitikia nyimbo za kanisani au kaswida neno kwa neno anajua kwamba hapo filamu haikutia chumvi hata chembe. Wimbo ule ulishinda Oscar, na kwa maoni yangu ulistahili kwa sababu ya kidole kile.

Kuna jambo lingine linalozitofautisha katuni zinazobaki na zile zinazopita: zina ghorofa mbili. Mtoto anaishi ya chini, na akirudi baada ya miaka ishirini anapandishwa ya juu. Ukiwa na miaka saba, Finding Nemo ni kisa cha samaki mdogo aliyetekwa. Ukiwa na mtoto wako anayevuka Jogoo Road kwenda shule, ni kisa cha Marlin, baba aliyeogopa kila kitu kwa sababu alishapoteza kila kitu, na anayelazimika kujifunza kumwachilia. Filamu haijabadilika hata picha moja. Up ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Pete Docter, ina takriban dakika nne karibu na mwanzo ambazo hazina neno hata moja: wawili wanaoana, wanakarabati nyumba, wanatamani mtoto na hawapati, wanaweka akiba ya safari na kila mara dharura inaila, wanazeeka, mmoja anabaki. Muziki wa Michael Giacchino una wazo moja tu, linachezwa kwa furaha, kisha kwa uchovu, kisha kwa piano pekee. Watoto hungoja maputo yatakayoiinua nyumba yaje. Wazazi huwa wameinamisha vichwa.

Docter huyohuyo aliongoza Inside Out ya 2015, na kwayo alikwenda mbali zaidi, maana aliifanya kumbukumbu yenyewe kuwa mada. Aliona binti yake akibadilika na kunyamaza alipokaribia ujana, akataka kujua ndani mwake kunatokea nini. Miongoni mwa waliomshauri walikuwa wanasaikolojia Paul Ekman na Dacher Keltner. Katika filamu hiyo hisia tano zinaendesha kichwa cha msichana wa miaka 11, na Furaha anajitahidi kumzuia Huzuni asiguse kumbukumbu yoyote. Mwishowe anaelewa kwamba kumbukumbu tamu kuliko zote ya msichana yule ilianza na machozi, kwamba wazazi na wenzake walimjia kwa sababu alikuwa ameonekana ana huzuni. Sijui filamu nyingine ya watoto iliyoeleza jambo hilo kwa usahihi kiasi hicho: huzuni ndiyo inayowaita watu waje. Na ndiyo sababu yake yenyewe ya kukaa akilini. Tukio lililotugusa hisia hushikwa na ubongo kwa nguvu zaidi kuliko tukio lililopita baridi, na watu waliokuja wakati huo hushikwa pamoja nalo.

Hapo ndipo Nairobi ya leo inanipa wasiwasi. Miaka ya nyuma, kutazama peke yako kulikuwa kugumu. Wenye magari walikwenda Fox Drive-In ya Thika Road, familia nzima ndani ya gari moja. Wasio na magari walikwenda kwa jirani mwenye televisheni, viatu mlangoni, wadogo mbele sakafuni. Kwenye mabanda ya video ya mitaani palikuwa hata na fanani wa kisasa. DJ Afro alijijengea jina nchi nzima kwa kusimulia filamu za mapigano na za Kihindi kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti za waigizaji, akiwapa wahusika majina ya kwetu na kuwaonya kama ndugu. Alichokuwa akifanya ni kukaa na watu. Alizichukua filamu za ugenini akazipa mtu wa kando.

Sasa mtoto wa miaka minne anapewa simu ili mama apike au afue. Simwelekezei kidole mama huyo. Anayeishi bedsitter Pipeline na kazi mbili hana namna nyingi. Lakini kwenye simu kila kitu kinapinduka. Filamu ya saa moja na nusu inakatwa vipande vya dakika mbili. Kikiisha kimoja kinaruka kingine ambacho mtoto hakukichagua. Skrini ni ndogo, inatosha macho ya mmoja. Akifika pale simba anapomvuta babake sikio, hana goti la kuegemea wala wa kumuuliza. Tafiti nyingi za malezi zimeonyesha kwamba mtoto anajifunza zaidi mkubwa akitazama naye na kuzungumza naye kuhusu anachokiona, na hilo halidai fedha. Mzigo wa kwanza siuoni kwenye uzuri au ubaya wa katuni za siku hizi, maana nyingi kati yake ni nzuri sana. Nauona kwenye ule upweke.

Swali la mwisho, ambalo vijana wa studio za Nairobi wananiuliza kila tukikutana, ni kwa nini bado hatuna katuni ya kwetu iliyokaa kwenye mioyo ya watu kama ile ya simba. Ujuzi si haba. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa 2010, ilihuishwa, yaani ilitengenezwa kuwa katuni, papa hapa Nairobi kwenye studio ya Homeboyz kwa mtindo wa michoro ya Tanzania iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, ikiwa na muziki wa Eric Wainaina, na ikatazamwa Uingereza na kwingineko. Kwame Nyong'o alihuisha ngano ya Wamaasai kuhusu vilima vya Ngong mwaka 2011. Super Sema ilitoka 2021, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu. Ng'endo Mukii aliongoza Enkai, moja ya filamu kumi fupi za Kizazi Moto zilizotoka kwenye Disney+ mwaka 2023. Mwaka uliofuata sauti ya Lupita ikabeba The Wild Robot yote, kisa cha roboti anayejikuta mlezi wa kifaranga cha bata bukini baada ya familia ya kifaranga hicho kufa. Msichana aliyelelewa Nairobi ndiye aliyewaliza watoto wa dunia nzima mwaka ule.

Tatizo ninaloliona ni la muundo. Kazi zetu nyingi ni fupi, dakika kumi au kumi na moja, na huzuni kubwa haiwezi kujengwa na kutulizwa kwa dakika kumi. Filamu ndefu hudai miaka kadhaa ya kazi na mamia ya watu wanaolipwa kila mwezi. Nyingine zimefungwa nyuma ya malipo ya mtandao ambayo nyumba nyingi za Nairobi hazina, kwa hiyo hazirudiwi, na isiyorudiwa haikai. Fedha nyingi si sharti la lazima. Mfaransa Michel Ocelot aliyeishi Guinea utotoni alitengeneza Kirikou mwaka 1998 kwa michoro bapa na rahisi, kisa cha kijiji cha Afrika Magharibi na muziki wa Youssou N'Dour, na filamu hiyo bado inatazamwa na watoto wa leo Afrika inayozungumza Kifaransa. Ilikuwa na mtoto mdogo jasiri, mchawi mwenye maumivu ya kweli, na wimbo.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye kurudia na lugha. Vituo vya bure vipo: Akili Kids! inarusha vipindi vya watoto nchini tangu 2020, na kazi za Ubongo, watengenezaji wa katuni za elimu wa Dar es Salaam, zimekwisha kuonyesha kwamba watoto wa Afrika Mashariki wanaimba haraka wanachosikia kwa Kiswahili. The Lion King ilipewa sauti za Kizulu, katuni ya Moana ikapewa za Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand, mwaka 2017, na kwa Wamaori ilikuwa tofauti kati ya kutazama na kuwa nyumbani. Tayari tamthilia za Kituruki na Kichina zinazungumza Kiswahili kwenye runinga zetu kila jioni, kwa hiyo waigizaji wa sauti wapo na maikrofoni zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuweka fedha kwenye filamu ya dakika 80 yenye wimbo ambao mtoto wa Githurai ataudai tena kesho yake, na kituo kitakachokubali kuirudia kila likizo saa ambayo mama na nyanya wako nyumbani.